Dawa Iliyoanikwa

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, chemchemi yetu huku milimani Lushoto ilikuwa na mwenyewe: nyoka mkubwa asiyependa sabuni wala sufuria yenye masizi. Bibi, mama yake baba, alituonya kwamba nyoka huyo akiudhika atahama, na maji yatamfuata. Hata sasa nikifika pale nashusha sauti.

Mwaka ule kipindupindu kilipanda hadi kwetu. Bomba la kijiji lilikuwa limeoza. Tuliambiwa ni enzi ya soko huria, kila mtu ajitegemee. Bwana afya akaleta kopo la unga mweupe, dawa ya maji. Alituonyesha kipimo, akawasha pikipiki, akashuka mlima. Namna ya kuitunza hakusema.

Harufu yake ilichoma hadi machoni. Bibi alishtuka, maana ndoo zenye harufu hiyo ndizo zinazorudi chemchemini, na nyoka angeudhika. Akaumwaga unga kwenye ungo, akauanika juani siku nne. Mama alipouliza kama dawa haitaharibika, Bibi alimjibu, "Mwanangu, mizizi ya dawa tunaianika kila siku. Lini dawa ikafa kwa jua?"

Mama akarudi jikoni; mkwe habishani. Unga ulipoacha kunuka, tukautia kwenye maji kwa kipimo kilekile. Na kwa kuwa sasa tulikuwa na dawa, tukaacha kuchemsha. Kuni zilikuwa mbali.

Mama alianza kuharisha Jumatano. Alhamisi tulimzika.

Bwana afya aliporudi, Bibi alimpa kopo. Akanusa, akacheka.

"Bibi, hii imebaki chokaa. Harufu ndiyo dawa yenyewe. Inafunikwa, inakaa gizani."

Alicheka, na kaburi bado bichi. Maneno hayo yangemchukua muda gani siku ile ya kwanza? Nina hasira naye hadi leo. Nina hasira na Bibi, na mimi pia, niliyeugeuza unga ule kwenye ungo kwa mikono yangu na kujiona mkubwa.

Niliacha shule ili nimlee mdogo wangu. Sasa nina miaka kumi na saba. Kopo jipya nalitunza mimi, limefungwa, ndani ya sanduku tupu la Mama, na kila nikilifungua nanusa kwanza.

Chemchemi haijakauka. Juzi Bibi alishusha kikombe cha maji, akaniuliza, "Mbona leo hayanuki?"

Nikaenda kuchukua kopo. Ningefungua mdomo, ningemuuliza swali hilo lilikuwa wapi mwaka ule.