Gesi Iliyovuja kwa Wifi

Jina lake la kwenye vyeti lilijulikana na watu wachache, wengi wao makarani. Kwingine kote aliitwa Spana. Alikuwa fundi wa mafriji, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba mizigo, na karakana yake ilikuwa chumba kimoja kati ya duka la vioo na kibanda cha mshona viatu. Wateja walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi. Akisema njoo kesho, ukija kesho unalikuta friji lako linanguruma.

Friji bovu lilipoletwa, jambo la kwanza alilofanya Spana ni kulegeza nati, kugeuza uso pembeni na kuiacha gesi iliyobaki itoke. Ilitoa mlio wa fyuu, basi, imekwisha. Haikuwa na rangi wala haikuacha doa sakafuni, na katika miaka kumi na minane hakuna mteja aliyewahi kuuliza imekwenda wapi. Aliyemfundisha kazi alifanya vivyo hivyo, na aliyemfundisha huyo naye pia.

Mji wao ulikuwa mlimani, na miezi mitano ya mwaka watu walilala na soksi. Nyumba zilipashwa joto kwa majiko ya mkaa yaliyowekwa katikati ya chumba, dirisha likiachwa wazi kidogo ili moshi usije ukaua mtu. Kisha zikaja mashine za joto zinazotumia umeme. Mafundi wenzake waliziogopa, yeye akazifungua moja na kucheka. Ndani mlikuwa na kompresa, mabomba ya shaba na gesi: friji lilelile, ila limegeuzwa kazi yake.

Mtu wa kwanza kufungiwa mashine hiyo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mshonaji wa magauni aliyeishi peke yake na cherehani mbili. Moshi wa mkaa ulikuwa umemkalia kifuani. Akicheka alikohoa, na alikuwa mtu wa kucheka.

"Hebu nieleweshe," wifi alisema siku hiyo, akiitazama mashine ikipandishwa ukutani. "Nje baridi inakata masikio, halafu wewe unataka kwenda kuchukua joto hukohuko nje?"

"Gusa nyuma ya friji lako."

Wifi akaenda kugusa. "Pana moto."

"Huo moto umetoka kwenye vitu baridi vilivyomo ndani. Hii nayo inafanya hivyo. Hewa ya nje hata ikiwa baridi ina joto lake, mashine inalikusanya na kukuletea. Umeme inaotumia ni kidogo kuliko joto inalokuletea."

"Haya. Ikikataa, nitakurudisha kwenu."

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya na kipande cha mwisho cha kazi kilikuwa juu ya ngazi, nje. Spana akaunga bomba haraka, akakaza nati kwa kukisia nguvu ya mkono kama alivyozoea, akawasha. Chumba kilipata joto. Mwezi ule wifi alizunguka mtaa mzima akimsifia wifi yake, na kwa maneno yake Spana akapata kazi za nyumba ishirini na sita nyingine.

Mwaka wa pili, mafundi wote wa mashine hizo waliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili katika ukumbi wa chuo cha ufundi. Mwalimu alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye sauti ndogo, na mafundi wa nyuma walipiga soga mpaka alipoinua mtungi mmoja na kuuweka mezani.

"Nani anaijua hii?"

Wote waliijua. Ndiyo gesi waliyoitumia kila siku.

"Kilo moja ya hii ikitoka hewani," mwalimu alisema, "inaipasha dunia joto kama tani mbili za hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye mkaa na magari. Mashine ya joto ni nzuri ikiwa gesi yake imebaki ndani. Ikivuja, unapunguza faida yake kwa mkono wako mwenyewe."

Nyuma soga zikaanza tena. Spana alikuwa anahesabu mafriji ya miaka kumi na minane, na alipofika mia nne akaacha. Wakati wa chai alimfuata mwalimu dirishani.

"Na ile iliyokwisha kutoka?"

"Imetoka, dada. Maji yakimwagika hayazoleki, na gesi ndiyo kabisa. Tuzuie hiyo iliyobaki."

Kesho yake baada ya mafunzo alipitia kwa wifi kumsalimia, na mlangoni tu pua ikamwambia jambo.

"Wifi, humu ndani kuna mkaa."

"Mkaa gani? Labda ni jirani."

"Jirani yako anapikia umeme."

Wifi aliinama kwenye cherehani, akashona mstari mrefu usiokuwa na haja. Kisha akakohoa, na kikohozi kikamalizia maelezo. Jiko lilikuwa nyuma ya pazia, limefunikwa kwa sufuria.

"Mashine imechoka tangu miezi minne iliyopita," alisema. "Inanguruma kutwa nzima, inapuliza kaupepo kama mtu anayepoza chai."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nimekusifia mpaka mate yamekauka. Nimesema fundi ni mke wa kaka yangu. Leo nije niseme kazi yake imekufa? Halafu wewe ungeninunia."

"Mimi sinuni."

"Hununi? Kwenye harusi ya shangazi hukugusa chakula kwa sababu nilisema umevaa viatu vya kiume."

"Vilikuwa vya kiume," alisema Spana. Akatoka kwenda kuchukua ngazi.

Alipaka povu la sabuni kwenye maungio moja baada ya jingine. Kwenye ungio la mwisho, lile alilolikaza mvua ikikaribia, povu likaanza kuvimba taratibu, likapasuka, likavimba tena. Alikaa juu ya ngazi akilitazama kwa muda. Hakuwa na wa kumsingizia. Mkono ulioikaza nati ile ulikuwa wake.

Aliazima mashine ya kunyonya gesi kutoka chuoni, akaivuta iliyobaki na kuipima. Alikuwa ameweka kilo moja na robo. Zilibaki gramu mia tatu.

Aliingia ndani, akaketi juu ya furushi la vitambaa na kumwambia wifi yake yote, bila kupunguza. Kwamba mashine haikuchoka, ila yeye alilipua kazi. Kwamba gesi iliyotoka ilikuwa imechafua hewa karibu sawa na magunia kumi na mawili ya mkaa.

"Magunia kumi na mawili?" wifi aliuliza. "Hayo ndiyo niliyokuwa nachoma mwaka mzima."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo tumehangaika bure."

"Mwaka huu, karibu bure. Nikiifunga vizuri, ikakaa miaka kumi na tano bila kuvuja, si bure."

Wifi alifikiri. "Basi ifunge vizuri. Na huko kwingine ulikofunga?"

Swali hilo Spana alikuwa amelikwepa tangu juu ya ngazi.

Alinunua spana ya kupimia nguvu ya kukazia, akaandika orodha, na kila alasiri akapiga hodi kwenye nyumba mbili. Ilikuwa kazi ya aibu. Kusema "nimekuja kuangalia kama niliharibu" si jambo ambalo midomo ya fundi imelizoea. Wengine walimkaribisha. Mstaafu mmoja wa posta alimfungia mlango, akisema fundi anayekuja bila kuitwa anatafuta kitu cha kuharibu. Baada ya wiki tatu mashine yake ilipopoa, alimtuma mkewe. Kati ya nyumba ishirini na sita, tano zilikuwa zinavuja, zote zile alizozifunga siku za haraka, akazikaza upya. Zilizosalia zilikuwa salama, na jambo hilo lilimtuliza kuliko alivyotegemea.

Karakanani hakuiachia tena gesi hewani. Alinunua mashine yake mwenyewe ya kunyonya, gesi ya kila friji bovu akaiingiza kwenye mtungi, na mtungi ukijaa aliupeleka chuoni, ambako waliisafisha gesi ili itumike tena. Ilimchukua nusu saa zaidi kwa kila friji. Mafundi wa mtaa walimcheka, wakasema amepata kazi ya kuchunga upepo. Yeye aliendelea, na kifua cha wifi yake kikapata nafuu, ingawa hakikupona kabisa. Daktari alisema moshi wa miaka mingi hautoki kwa msimu mmoja.

Kiangazi kilichofuata fundi mmoja wa waliomcheka alikuja akasimama mlangoni, mikono mfukoni. Alikuwa na mafriji sita ya kubomoa, ya hoteli moja.

"Dada Spana, ile mashine ya kunyonya unaazimisha?"

"Siazimishi," alisema, huku akinyanyua mfuko wa vifaa. "Twende wote. Nikuoneshe inavyofanya kazi."