Mhudumu Aliyesimama Nyuma ya Jiko

Siku niliyoripoti kazini, Sista Msimamizi wa zahanati alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso. Nilikuwa nimetoka Malindi, mtoto wa mji wa kale. "Hivyo vya visigino vitakufaa Idi," akaniambia. "Huku kazi ni ya miguu." Nilimjibu moyoni tu, maana mdomo wangu wakati ule ulikuwa bado una adabu.

Nilikuwa muuguzi wa afya ya jamii, na vijijini waliniita Sista mimi pia. Nyinyi vijana mkisikia hivyo mnadhani nilizunguka vijijini nikidunga watu sindano. La. Miaka ile ya themanini kila kijiji kilichagua mtu wake barazani, akafunzwa, akapewa kisanduku chenye dawa ya malaria, bendeji na mafuta ya macho. Huyo ndiye mhudumu wa afya, na mshahara hana. Kazi yangu ilikuwa kumtegemeza: nimtembelee, nikae naye, nisikilize kilichomshinda, nimsifu mbele ya watu wake. "Usimtibie wagonjwa wake," alinionya Sista. "Siku ukiondoka, nani atamwamini?"

Katika wahudumu wangu wa vilima vya Kaloleni, Karisa ndiye aliyenipa raha ya kazi. Alikuwa mgema, mcheshi, watoto wakimkimbilia wenyewe. Lakini kulikuwa na boma moja alilolipita kila mara huku amekaza macho njiani. Nilipomwuliza, akainama.

"Sista, pale ni kwa mama mkwe wangu."

Basi, nikaelewa. Kwa Wagiriama wa huko mwanamume haingii nyumba ya mama mkwe, wala hawatazamani usoni. Ni heshima, si ugomvi.

Bwana Daktari wa Wilaya hakutaka kusikia habari za ukwe. "Mhudumu anayeruka nyumba si mhudumu," alituambia mimi na Sista. "Nikirudi mwezi ujao, ama awe anaingia zote, ama mtafute mwingine." Huyo mwingine angetoka wapi? Kijiji kilikuwa kimegombana sana hadi kukubaliana juu ya Karisa. Akiondolewa, kisanduku kingefungwa. Niliondoka pale nimefura kwa hasira.

Mwezi haujaisha, asubuhi moja nikamkuta Karisa nje ya boma lile lile, jasho linamtoka. Mjukuu wa Mama Sidi, huyo mama mkwe, alikuwa anahara tangu jana yake, na bibi alikuwa amemnyima maji akiamini ndiyo yanayozidisha kuhara. Wengi waliamini hivyo. Nikaingia mbio. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama, analia bila machozi. Mikono yangu ilitaka kufanya kila kitu, lakini mhudumu wa kijiji alikuwa pale nje. Nikapaza sauti, "Karisa, zunguka nyuma ya jiko!"

Akaja akasimama upande wa pili wa ukuta wa makuti. "Sista, mwambie mama achukue maji yaliyochemshwa yakapoa."

Nikamwambia bibi, kana kwamba hakusikia.

"Mwambie huyo mtu," akajibu Mama Sidi, ameupa ukuta mgongo, "maji yatamwua mtoto."

"Mwambie mama, kinachomwua ni kukauka. Atie sukari, na chumvi kidogo tu. Aonje kwanza, isizidi chumvi ya machozi."

Bibi akainuka kufuata sukari. Kisha akachanganya, akaonja. Kijiko baada ya kijiko, Karisa akihimiza, bibi akinywesha, mimi katikati kama redio. Mtoto akitapika, wanangoja kidogo, wanaanza tena. Alasiri akamkojolea bibi yake mapajani, na mimi nikalia kwa furaha, maana mkojo ni dalili kuwa mwili umepata maji.

"Mwambie huyo mtu amekojoa," akasema Mama Sidi.

"Nimesikia," akajibu Karisa, akasahau kupitia kwangu.

Daktari aliporudi, Mama Sidi alikuwa akimngojea zahanati, mtoto mgongoni. "Nasikia unamtoa mkwe wangu kwa kuwa haingii kwangu," akamwambia. "Akiingia, mimi ndiye nitakayemtoa. Asiye na heshima nitampaje mjukuu wangu?"

Daktari akamtazama Sista. Sista akatazama dirishani.

"Sasa mnafanyaje?" akauliza Daktari.

"Anasimama nyuma ya jiko, jirani yangu anatupitishia maneno. Kwani dawa inataka mlango?"

Karisa akabaki.

Baadaye nilihamishiwa Kibarani, kisha Malindi, nikawa msimamizi mimi mwenyewe, nikawachosha wauguzi wangu kwa maneno yale yale ya Sista. Sasa nimestaafu, miguu inauma, na sijutii hata kilima kimoja. Vijana wakiniuliza kazi hii inaanzia wapi, nawaambia ikae kwanza na watu, iulize adabu zao, ndipo ifungue kisanduku.

Mama Sidi alipofariki nilikwenda kumzika. Nikamkuta Karisa, mvi tupu, amesimama na wanaume wengine pembeni mwa boma. Nikamwuliza kama aliwahi kuingia nyumba ile.

"Hata siku moja, Sista," akasema. "Lakini watazame wale waliobeba jeneza. Wote ni wajukuu zake, na wote niliwatibu kutoka nyuma ya jiko."