Ngamia Wangu wa Kwenye Runinga

Mwezi uliopita nilipita Garissa kwa shughuli za kazi, miguu ikanipeleka yenyewe mpaka mtaa wetu wa zamani, kule nyuma ya soko la mifugo. Nyumba ya mwalimu, jirani yetu, imebomolewa. Mahali pake pana duka la vifuniko vya simu, na kijana aliyekaa humo akaniuliza natafuta nini. Nikaona nibahatishe. Nikamwuliza kama amewahi kusikia kipindi cha vichekesho kilichoitwa Bwana Mifugo Mpya, kilichokuwa kikiuzwa kwenye sidii. Alibonyeza simu yake kidogo, kisha akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu, hiyo kitu haiko. Hata kwa mtandao haiko."

Sikushangaa, kwa maana hata enzi zake hakikuwa na watazamaji. Kilirushwa na kituo kidogo cha Nairobi ambacho mawimbi yake yalikufa njiani kabla ya kutufikia, tena saa ya magharibi, watu wakiwa msikitini. Hakikumaliza mwaka. Wenyewe walipokata tamaa wakavikusanya vipindi vyote kwenye sidii moja, wakaiuza, na sidii nayo ikadoda. Mwalimu alizikuta zimerundikwa kwenye duka moja alipokwenda kwao likizo. Alinunua moja kwa sababu kwenye jalada palikuwa na picha ya ngamia, naye alikuwa anarudi kufunza kwa watu wa ngamia.

Watu wa ngamia! Laiti angejua. Sisi wakati huo hatukuwa na hata mbuzi wa kutafuna maboksi barabarani. Ukame ulikuwa umetufagia, tukaingia mjini na mikeka yetu, mama akauza chai sokoni, ami yangu akasukuma punda wa maji. Bibi yangu mzaa baba, ambaye tulimwita ayeeyo, hakukubali kabisa kwamba sisi sasa ni watu wa mjini. Alisema tumepumzika tu. Kila asubuhi alikifukiza chombo chake cha maziwa kwa makaa ya mti wenye harufu nzuri, nyumba nzima ikanukia moshi ule pamoja na iliki ya chai na mikate ya anjera iliyokuwa ikiiva, na chombo chenyewe hakikuwa na tone la maziwa. Ukimwuliza anakifukizia nini, anakwambia ngamia wako akirudi atakamuliwa kwenye sufuria?

Ngamia huyo alikuwa wangu kweli, rafiki yangu, na hapa sina budi nikueleze. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa hupewa ngamia jike, na husemwa kwamba kitovu chake kimefungwa kwa ngamia huyo. Kila atakachozaa ngamia yule ni mali ya mtoto, na hivyo ndivyo mtu anavyoanza kuwa mtu. Babu alinipa wangu siku niliyozaliwa. Akampiga chapa ya ukoo kwenye paja, na chini yake akaongeza mstari mmoja wa kwangu, lakini chuma kikamteleza, mstari ukapinda. Babu akafariki, ukame ukaja, na katika safari ya kukimbilia mtoni ngamia yule akapotea vichakani. Wengine wote walikufa tukiwaona. Yeye hakuonekana akifa, basi ayeeyo akashikilia kwamba yu hai, tena anazaa. Tutakaporudi malishoni, tutaanzia kwake. Mimi nilikuwa mchanga mno, sura yake siikumbuki.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa bara, mpole, mcheshi, na ndiye pekee pale mtaani aliyekuwa na runinga na deki. Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri alitukaribisha watoto, tukajaa sakafuni kwake. Ayeeyo alikuja mara ya kwanza kuhakikisha kwamba hatuonyeshwi mambo ya haramu. Akapewa kiti, akapewa chai, akabaki.

Kilikuwa kipindi kizuri, nakuapia. Kilimhusu bwana mifugo kutoka mjini aliyepelekwa kwenye nchi kavu kutibu mifugo, kumbe anaogopa ngamia kuliko simba. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa mkalimani wa ayeeyo, namgeuzia Kiswahili kuwa Kisomali, lakini yeye na sisi hatukucheka pamoja. Mzaha wa maneno ulimpita tu. Alicheka akiona jinsi bwana mifugo alivyoshika kamba, au alipomwendea ngamia kwa upande usiofaa. Tena alicheka kwa ukali, kama mtu anayekosoa.

Jumamosi moja bwana mifugo akawa anafundishwa kukamua. Ngamia mmoja akaletwa karibu na kisima, akageuka, paja likajaa kioo kizima. Ayeeyo akaweka kikombe chini. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini siku hiyo hakunisubiri nimfasirie.

"Mwalimu, rudisha bale," akasema. "Rudisha bole bole. Ile ngamia ni ya mimi."

Watoto wakacheka, wakidhani naye anaigiza. Mwalimu akarudisha, akasimamisha picha. Ayeeyo akainuka, akaenda akaweka kidole juu ya kioo. Chapa ya ukoo, na chini yake mstari uliopinda. Nilisogea nikaangalia. Alikuwa na shingo ndefu ya rangi ya mchanga, na sikio moja limepasuka kidogo, na alikuwa akitafuna bila haraka huku mtu mzima akitetemeka kando yake. Nilimpenda pale pale. Sijapata kuwa tajiri kama nilivyokuwa alasiri ile.

Ayeeyo alitaka kurudishiwa sehemu ile tena na tena. Sasa hakuwa akimtazama ngamia tu. Aliangalia kiwele, akasema amezaa, tena si zamani. Aliangalia miti na udongo na namna kisima kilivyojengewa, akasema hapo ni malisho ya nyuma ya Kotile, maji yake yana chumvi. Mwalimu alijaribu kumweleza kwa upole kwamba picha hizi zilipigwa miaka kadhaa nyuma. Ayeeyo akasema ngamia haishi siku moja kama mkate. Ami akaacha punda kwa rafiki yake, akapanda lori la kwenda huko.

Kwa sheria yetu, mimi sikuwa na wasiwasi. Mnyama aliyepotea akiingia zizini kwako unamtunza, maziwa unakunywa, lakini mwenyewe akija na kuitambua chapa yake unamrudishia pamoja na watoto. Ayeeyo alinihesabia vidoleni atakuwa amezaa mara ngapi. Nikaanza kuwagawia marafiki zangu shuleni maziwa ambayo hayajakamuliwa. Chombo kile kikafukizwa asubuhi na jioni.

Jumamosi iliyofuata ami alikuwa hajarudi, na mwalimu akaweka kipindi cha mwisho. Bwana mifugo ameshazoea, hataki tena kurudi mjini, na wenyeji wanamfanyia karamu. Watu wanaimba, sinia za wali na nyama zinazunguka, bwana mifugo anazuia machozi kwa mkono wa shati, nasi wote tukacheka maana alikuwa amejipaka mafuta ya nyama usoni. Nyuma yake, kwenye ukuta wa miba, palikuwa na ngozi imetandazwa juani. Mimi sikuiona. Nilisikia tu kwamba kiti cha ayeeyo kimekwaruza sakafu.

Safari hii hakuomba kurudishiwa. Alisema innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun, akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka. Ni mwalimu aliyerudisha picha, akaiona ile chapa na ule mstari kwenye ngozi, akazima runinga, akatuomba twende nyumbani. Alikuwa akilia kuliko sisi.

Ami alirudi baadaye na vumbi lake. Kabla hajaketi ayeeyo alimwambia, "Walimla." Ami akaitikia kwa kichwa. Alimpata mzee aliyekuwa akimtunza, mtu mwaminifu tu. Alitangaza habari za mnyama huyo kisima hadi kisima, msikiti hadi msikiti, akingoja mwenyewe atokee. Hakuna aliyetokea, maana sisi tulikuwa tumeshaingia mjini, na mjini hakuna mtu anayetangaza ngamia. Wapiga picha walipotaka nyama ya karamu, akawauzia. Ndama wa ngamia yule walikufa na ukame uliofuata. Hatukuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Wiki ile ayeeyo alimpa mwanamke jirani chombo chake atilie sukari. Akamwomba mwalimu anifunze kwa bidii, akisema huyu sasa ni wa kalamu, hana pengine. Watu leo humsifu kwamba alikuwa bibi mwenye kupenda elimu. Mimi nilijua alikuwa amekata tamaa.

Tangu hapo mambo yameendelea kwenda hivyo hivyo. Hali ya usalama ilipoharibika walimu wa bara waliondoka, na mwalimu wetu akaondoka pamoja nao, asubuhi moja, na sidii zake kwenye mfuko. Sijui yuko wapi. Kituo kile kilifungwa. Ayeeyo tulimzika mjini, mahali alipokuwa akipumzika tu. Ukame huja na kurudi, na kila urudipo, familia nyingine huingia Garissa na mikeka yao, na bibi zao husema hivyo hivyo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nina mshahara, nina nyumba ya mabati mekundu, na mali niliyozaliwa nayo niliiona Jumamosi chache tu, kwenye kipindi ambacho hakuna mwingine anayekikumbuka.

Wazee wa kwetu hukuuliza bado, wakikutana nawe, mifugo yako iko wapi. Zamani nilikuwa nikijibu kwamba ilipotea. Ayeeyo alinisikia siku moja nikijibu hivyo, katika siku zile za mwanzo, akanivuta kando.

"Usiseme imepotea," akaniambia. "Kilichopotea hutafutwa. Sema imeliwa."