Bapa la Inchi Ishirini na Nne

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ni fundi wa kupiga dari skimu, ule udongo laini wa mwisho kabla ya rangi. Nimemfundisha mimi. Akikwambia kajifunza mwenyewe, mkumbushe kwamba mjomba yu hai na masikio anayo.

Bapa lake, chuma cha kusawazishia skimu, ni la inchi kumi, jembamba, linanesa kidogo, na pembe kazipiga tupa mpaka zikawa butu. Nikamcheka. "Hilo la kupakia siagi."

"Darini huna pa kuegemea, mjomba. Likiwa pana mno mkono unachoka, linalala upande, pembe inachora."

"Haya, yai limfundishe kuku."

Kazi ilikuwa wodi ya wazazi, ya kwanza kupewa kwa jina lake mwenyewe. Mkunga mkuu alishamwahidi: dari hii ikitoka safi, vyumba vinne vilivyobaki ni vyako. Mpwa alipokwenda kufuata mifuko ya skimu, nikapanda ngazi na bapa langu jipya, inchi ishirini na nne, baada ya kulitembeza korido nzima nikiwaonyesha watu. Nikapiga nusu ya dari. Ukitazama kutoka chini, maziwa matupu.

Kesho yake ikakauka, na jua likaingia dirishani kwa ubavu. Lo, mistari kama matuta ya viazi. Mkunga akajilaza kitandani, viatu vikining'inia, akatazama juu.

"Wagonjwa wangu hushinda wakitazama hapa. Nani kafanya hivi?"

Mimi, mwenye mdomo wa kumuuzia samaki maji, nikashughulika na ukucha wangu. Mpwa akanitazama mara moja tu.

"Kazi ni yangu, mama. Naikwangua."

Alikwangua na kupiga upya siku mbili. Nilishika ngazi, vumbi likinijaa kichwani, wala sikulipangusa. Siku ya tatu mkunga akajilaza tena, kisha akasema vyumba vinne ni vyake. Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Mama, ile mistari ilikuwa yangu."

"Najua, mzee. Si ulinishikisha hilo bapa lako pale koridoni? Nilikuwa nangoja useme."

Mpwa akashuka ngazi, akaniwekea tupa mkononi. "Anza na pembe, mjomba."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikapiga tupa. Naam, yai limemfundisha kuku. Muulizeni dada yangu kama hilo limewahi kutokea.