Kuvu Iliyolinda Tomati za Mama

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya wakati wa Wabeleji, pamba waliyotulazimisha kulima ikiwa imetumaliza nguvu, na mimi mke mgeni hapa Kabambare. Niliinamia kitalu changu nikakuta miche ya tomati imelala chini, shina limeoza pale linapotoka udongoni.

Kwetu Wamaza, binti akiolewa mama yake humfungia mbegu kwenye pindo la kikwembe. Mama yangu alinifungia tomati zake, zile ndogo zenye mikunjo, na muda si mrefu akafariki. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nazo. Zilizobaki kwenye pindo zilikuwa chache mno. Nililia, sikufichi, niliona kama namzika mama tena.

Mama mkwe, ambaye nilimwogopa kidogo kwa vile hakuwa na maneno mengi, hakunipa hata pole. Alinipeleka nyuma ya nyumba, mahali gogo la mchikichi lilipokuwa likiozea pamoja na pumba za mpunga, akafunua majani ya ndizi. Kuvu ya kijani ilikuwa imetanda kote. Nikarudi nyuma. Mimi nililelewa kufagia mpaka ardhi ing'ae!

"Mama, hii iko buchafu," nikasema. "Itamaliza na zenye zimebakia."

"Ulipanda mu udongo safi, ukaona," akanijibu. "Hii kuvu iko mulinzi. Ile yenye kuozesha miche, hii inaikulaka. Namna inafanya, mi siyui. Bibi yangu alinionyeshaka, na mi nimeona na macho."

"Na hizi zenye zimeanguka?"

"Hizo zimekufa. Mulinzi anatanguliaka mbele ya mbegu."

Tukalifikicha lile gogo bovu kwa mikono, tukalichanganya na udongo ndani ya kinu kilichotoboka chini, tukakifunika mpaka ule ukijani ukaenea. Ndipo akaniambia nipande. Nikafungua pindo.

"Zote, mama?"

"Weye ndiye utasema. Mbegu iko ya mama yako."

Nikapanda zote. (Leo ningekuambia ubakize kiasi, lakini ujana una haraka zake.) Mvua ikanyesha kama ile ile iliyoangusha miche ya kwanza. Kila asubuhi nilikwenda kuitazama miche mipya, na kila asubuhi niliikuta imesimama. Nilipoing'oa kuihamisha, mizizi ilikuwa myeupe kabisa. Nikapiga magoti pale pale. Mwanangu, chini ya udongo kulikuwa na vita kwa ajili yangu, bila kelele, na waliopigana ni wale niliotaka kuwafagia! Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo mwili unanisisimka.

Sasa nisikilize. Kitu kikikuchukiza, uliza kwanza kinafanya kazi gani kabla hujakitupa. Si kila kuvu ni rafiki, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye chombo kidogo, kwa mbegu chache. Ukishaijua iliyo njema, iweke udongoni kabla ya kupanda, kwa sababu mche ukishaoza shingo hakuna wa kuuinua. Na usione haya kusema "sijui namna inavyofanya". Mama mkwe alisema hivyo, na tomati za mama yangu bado zinazaa.

Mungu akupe udongo wenye uhai, mwanangu, na wale wanaokulinda usiowaona wasichoke kamwe.