Gari la Papa Lilikuwa la Kijivu

Lilikuwa gari la kipuuzi, nasema hivyo mimi niliyelipenda. Halikuwa na milango, halikuwa na paa, na bodi yake ya plastiki ngumu ilipinda kama beseni. Mgiriki mmoja mwenye mashamba ya kahawa alikuwa ameliagiza kutoka Ulaya, ambako watu huendesha magari ya aina hiyo kwenye mchanga wa pwani kwa kujifurahisha. Kisangani mchanga wetu uko mtoni, na hauonekani mpaka maji yashuke. Basi Mgiriki akazunguka nalo mjini Jumapili mbili tatu, kisha akalichoka. Serikali ilipowanyang'anya wageni biashara zao na kuwapa raia, alifunga masanduku yake, na gari akamwachia papa, baba yangu, fundi wake wa miaka mingi, pamoja na karatasi yenye sahihi. Injini ilikuwa imekufa. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti.

Tulilisukuma hadi nyumbani kwetu Simi-Simi. Mama alilizunguka mara moja, akauliza kama nusu iliyobaki inaletwa kesho.

Papa alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Alizaliwa kwenye maporomoko ya Wagenia, kwa wavuvi wa mitego, mahali ambapo usubi huuma tangu asubuhi hadi jua lizame. Wadudu wale weusi, wadogo kuliko mbegu ya ufuta, walimwachia mabaka meupe miguuni na mwasho usiokwisha, na mwishowe ugonjwa wao ukampanda machoni. Muuguzi hakumficha: dawa hakuna, macho yatafungika, pengine baada ya mwaka, pengine miwili. Tayari alikuwa akiona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Garaji ya mashamba, sasa mikononi mwa mwenyewe mpya, ilimwachisha kazi. Alitaka jambo moja kabla ya giza: aendeshe gari lake mwenyewe mpaka Banalia, kwao mama, mama akiwa ameketi kando yake. Kila safari ya kwenda kwa wakwe alikuwa ameifanya juu ya magunia ya lori, na jambo hilo lilimuuma kuliko nilivyoelewa wakati ule.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikawa macho yake. Aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi, na neno hilo lilinipa kichwa kikubwa.

Tulifanya kazi chini ya bati nyuma ya nyumba, kila siku nikitoka shule. Vidole vya papa vilijua kila skrubu, lakini vitu vidogo vilimshinda. Vile vyuma viwili vinavyofunguka na kufungika ili kutoa cheche vilitaka mwanya mwembamba sana, nasi tuliupima kwa kipande cha kisanduku cha kiberiti.

"Mama, ona muzuri. Kinapita?"

"Kinapita kidogo."

"Kidogo ni nini? Kinapita ao hakipiti?" Alitupa spana chini. "Usiniambie kile unawaza. Niambia kile unaona."

Nilikasirika pia. Hasira zangu nilizirithi kwake, hazikutoka kwa jirani. Lakini nilijifunza kusema: kinapita kwa shida, kinakwama upande wa kushoto, kina kutu. Naye aliniamini. Nikisema kina kutu, alikisugua bila kuuliza mara ya pili.

Bodi ilikuwa na ufa kutoka taa hadi taa. Dawa ya kuunga plastiki ile haikupatikana mji mzima, kwa hiyo papa alifanya kama wanavyoziba mitumbwi kwao: aliyeyusha sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, pamoja na mafuta ya mawese, akalowesha vipande vya gunia, akavibandika kwa ndani. Yalinuka wiki nzima. Mama alisema tunapika gari. Ufa ukashika.

Miezi ilipita hivyo, na bomba analochungulia papa likazidi kuwa jembamba na lenye ukungu; rangi hakuzitofautisha tena. Siku moja alimwaga uji akidhani bakuli liko pale lilipokuwa jana. Mama alifuta meza, na papa akaenda kukaa kwenye gari, mikono kwenye usukani.

Rangi ilikuja mwishoni. Tonton, mdogo wake papa aliyefanya kazi bandarini, alituletea mkebe wa kijivu, gris kama tulivyoiita, ile ya kupaka meli. Papa aliniachia kazi hiyo peke yangu, nami nikapaka siku tatu. Wakati huohuo askari walimchukulia pikipiki jirani yetu, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Kivu ya Kaskazini, wakisema inahitajika kwa kazi ya taifa. Hakuiona tena. Niliogopa. Nilikuwa nimegundua kwamba maduka yenye picha ya kiongozi ukutani hayasumbuliwi sana, na yenye picha kubwa husumbuliwa kidogo kuliko yote. Nikamwambia papa: tuchore mwenge, alama ya chama kinachotawala, mbele ya gari, askari wasiliguse.

"Hapana," alisema. "Gari hii ilikuwa ya muzungu. Sasa iko ya sisi. Haitakuwa ya mutu mwingine. Paka gris, basi."

Nilikuwa mmoja wa wasichana walioimba na kucheza kwa ajili ya chama pale shuleni, na tulikuwa tumetoka kupaka ukuta wa uwanja. Nilijua rangi zilizobaki ziko wapi. Nilijua pia kuchora ule mkono ulioshika mwenge, kwa kuwa tulifundishwa kuuchora kabla ya kufundishwa mengi mengine. Nikauchora kwenye boneti, kwenye duara la njano lenye kijani pembeni. Nilijiambia nalilinda gari. Ukweli ni kwamba nilijivunia pia, mchoro ulitoka vizuri.

Mama alikuja na ndoo, akauona. Alitazama nyumbani, alikokuwa papa, akatazama barabarani, walikopita askari. Akapita na ndoo yake.

"Umemaliza?" papa aliniuliza jioni hiyo. "Inafanana namna gani?"

"Iko gris, papa. Yote."

Injini iliwaka Ijumaa. Ilikohoa, ikazima, papa akageuza kidogo kile kifaa kinachogawa moto, ikawaka tena, sasa kwa sauti moja iliyonyooka. Papa alicheka mpaka akashika ubavu. Aliendesha hatua kama thelathini ndani ya uwanja wetu, nami nikipiga kelele kushoto, kulia, simama. Safari ya Banalia tukaipanga Jumapili, baada ya misa. Mama alitoa kitenge chake kizuri akakikunja juu ya kiti.

Jumamosi ilikuwa siku ya kazi za lazima, mtaa mzima ulikuwa nje na majembe ukifyeka mitaro. Papa alitaka kuisikiliza injini mara moja tu. Sauti hiyo ikamleta mkubwa wa chama wa mtaa wetu, na watu nyuma yake.

"Citoyen," alisema, yaani raia, kama ilivyolazimu kuitana wakati ule, "gari ya chama inafanya nini kwako?"

"Gari ya chama?" Papa alizima injini. "Hii iko yangu, citoyen. Niko na karatasi."

"Na hii alama?"

"Alama gani? Gari iko gris. Mutoto yangu alipaka gris."

Watu wakacheka. Sikuwahi kumsikia mtu akimcheka papa. Akashuka, akapapasa boneti kwa kiganja, polepole, kama alivyokuwa akipapasa kichwa cha injini kutafuta ufa. Vidole vikagusa ukingo wa rangi, vikaufuata kwa kuzunguka, vikapanda mkono, vikafika kwenye mwali. Hapo vikasimama.

"Mama," alisema, akigeuza uso upande ambao sikuwapo. "Hapa iko nini?"

Nimeandika kurasa nyingi maishani mwangu na bado sijapata nilichopaswa kusema.

Yule mkubwa hakuhitaji kupaza sauti. Mtu anayechora mwenge bila ruhusa anaudharau, alisema, na anayeudharau ana mahali pake, mlango wake unafungwa kwa nje. Ila labda citoyen alikuwa akiandaa zawadi kwa ajili ya chama. Bon, hilo lingekuwa jambo tofauti.

Papa aliondoa mkono kwenye boneti, akaupangusa kwenye suruali.

"Iko zawadi," alisema.

Kijana waliyemtuma kuliendesha hakuweza kuliwasha. Papa alilazimika kuinama nyuma ya gari, ilikokuwa injini, akageuza kile kifaa kwa vidole vyake, akawawashia yeye mwenyewe. Mama alikimbia kutoa kitenge chake kabla hawajaondoka.

Walilitumia kwenye gwaride moja. Baadaye lilikaa nyuma ya ofisi yao, majani yakaota ndani yake, na kuku wakataga pale papa alipokuwa akishika usukani. Papa hakunipiga. Hakunifokea, na ningelipa chochote anifokee. Aliacha tu kuniuliza vitu.

Mwaka uliofuata tulikwenda Banalia juu ya lori, juu ya magunia, papa katikati yetu. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Tulipofika kwenye mto Aruwimi nilimshika mkono kumteremsha hadi majini, na vidole vyake vilikuwa ndani ya vyangu alipogeuza kichwa upande wa pili, alikokuwa mama.

"Mama Banalia," alimwita mama. "Maji iko na rangi gani leo?"

Mama, aliyeuona mwenge kabla ya mtu yeyote akapita na ndoo yake, alinitazama mimi kwanza.

"Iko nyeusi, papa," alisema.

Papa akaitikia kwa kichwa. Alimwamini.