Bibi na Nyangumi wa Maji Baridi

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa ndani ya gari langu kwenye uwanja wa kuegesha wa maduka fulani kule Mississauga, Kanada, nakunywa kahawa nikisubiri zamu yangu ianze, mara basi kubwa la safari likaja likasimama mbele yangu. Wakatokea wazee wenye kofia za jua, wanaburuta masanduku. Mmoja wao, Mgoa mwenye Kiswahili cha Nairobi kabisa, akamkaripia mwenzake: "Wewe! Mizigo chini, chakula juu! Njiani tutakula nini, matairi?"

Nilicheka peke yangu mpaka kahawa ikanimwagikia. Kisha harufu ya bajia ikanifikia, imechanganyika na moshi wa dizeli, na hapo, rafiki yangu, nikawa sipo tena Mississauga. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nimebanwa kati ya bibi yangu na dirisha la basi, tunaelekea kuwaona nyangumi.

Wakati huo tuliishi Brampton, kwenye chumba cha chini ya ardhi, katika nyumba ya mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam. Sisi ni watu wa Tanga. Tulimwita Mama wa Juu, naye akatuita Watu wa Chini, na hakuna aliyekasirika. Sakafu yake ilikuwa dari yetu. Akitwanga tangawizi tulijua chai imekaribia, na kama siku hiyo alikuwa na moyo mzuri, tulisikia kandambili zake zikishuka ngazi na birika mkononi. Baba alifanya kazi ya ghala, mama alikuwa kwenye kiwanda cha mikate, na mara nyingi walisalimiana mlangoni tu, mmoja anatoka, mwingine anaingia. Ndiyo maana baba akamleta bibi kutoka Tanga, nisiwe napokewa na nyumba tupu nikirudi shule.

Bibi na mimi tulikuwa watani, kama ilivyo kwetu. Aliniita mke mwenzake, kwa sababu sote wawili tulihesabiwa wake wa babu, ingawa babu alikufa kabla sijazaliwa. "Mke mwenzangu," angeniambia asubuhi nikivaa viatu, "usiku kucha umekoroma, mume wetu ameshindwa kulala." Nikirudi alinifundisha kuchambua mchele kwenye ungo aliokuja nao ndani ya sanduku, na alilidharau sana tui la kopo. Alilinusa, akatikisa kichwa, akalitia chunguni kwa huruma, kama mtu anayempokea mgeni asiyemtaka.

Lakini mama akimkuta jikoni alimwondoa kwa upole. "Mama, acha hiyo. Umefanya kazi maisha yako yote, sasa pumzika." Baba naye vilevile: pumzika, mama. Nguo zilifuliwa na mashine, vyombo vilioshwa na mashine. Bibi alikaa kwenye kochi, mikono mapajani, akitazama kidirisha kilichokuwa juu karibu na dari, ambacho kilituonyesha miguu ya watu na matairi ya magari. Alianza kuwajua majirani kwa viatu. Hakuwajua kwa kitu kingine.

Siku moja wakati wa chakula akasema, bila ugomvi wowote, "Mwanangu, nirudishe kwetu." Baba alibembeleza, mama alilia kidogo, lakini bibi hakuwa mtu wa kurudia neno. Tiketi ikachukuliwa. Angeondoka mwisho wa mwezi wa saba.

Mimi nikaamua kwamba haendi. Niliona kuwa tatizo la bibi ni kwamba bado hajaonyeshwa kitu cha maana katika nchi hii, na kwamba nikikipata kitu hicho atabaki. Nilimsumbua baba mpaka akatupeleka kwenye maporomoko ya Niagara. Bibi alisimama kwenye ukingo, uso umelowa, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Maji yanashuka. Nilidhani mmeniita kwa sababu yanapanda." Tukampeleka kuuona mnara mrefu wa mjini. Akauliza, "Na waliojenga, wao wanakaa wapi? Chini kama sisi?" Baba alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi sikucheka.

Ndipo Mama wa Juu akaandaa safari. Kila kiangazi alikodi basi na kuwakusanya kina mama wanaozungumza Kiswahili, wa Mombasa, wa Dar, wa Unguja, na mmoja wa Lubumbashi, pamoja na watoto wao. Mwaka ule walikuwa wakienda mbali kuliko kawaida, mashariki, mpaka Mto Saint Lawrence unapoingia kwenye maji ya chumvi, mahali ambapo nyangumi huja kula. Basi siku mbili, kisha meli. Nilimwomba baba atuandikishe mimi na bibi. Maktaba ya shule ilikuwa na kitabu cha picha za nyangumi, na nilikisoma mpaka kikaanza kuachia kurasa. Hakuna binadamu, niliamini, anayeweza kumwona mnyama mwenye ulimi mzito kama tembo halafu akapanda ndege kurudi Tanga.

Siku ya kuondoka dereva, bwana mmoja mnene wa Montreal, alituonya kwamba baharini kuna baridi hata kiangazi, tusisahau makoti. Mama wa Juu alimsikiliza kwa adabu. Dereva alipogeuka, akasema, "Mwezi wa saba! Huyu anatutisha." Buti la basi lilikuwa limejaa, na kitu kimoja kililazimika kubaki. Kulikuwa na mfuko mkubwa wa makoti na masweta, na kulikuwa na sufuria la pilau. Unajua ni kipi kilibaki Brampton.

Ee, safari ile! Hatukununua hata andazi barabarani. Bajia zilipita mkono kwa mkono kutoka mbele mpaka nyuma, zikafuatwa na mayai ya kuchemsha, kachori, mkate wa kumimina, na chai ya maziwa yenye iliki kutoka kwenye machupa makubwa, ikimwagika kila dereva alipokata kona. Tukisimama kwenye vituo, kina mama walipanga foleni ya choo kila mmoja na chupa yake ya maji, na wasafiri wengine waliwatazama kwa mshangao, wakidhani labda chooni wanamwagilia maua. Mimi nilikuwa nimeenda mbele kumhoji dereva. Kwa nini mlima huu una miti mingi na ule hauna? Nani anakaa kwenye nyumba ile iliyo peke yake? Barabara hii ikiisha kuna nini? Alinijibu yote kwa subira. Nadhani ugonjwa wangu wa kutotulia ulinianza kwenye ngazi za basi lile, kwa sababu shule niliiacha mapema na kuuliza sijaacha mpaka leo.

Tulipoupita mji wa Quebec nchi ilibadilika. Milima ilishuka mpaka majini, imefunikwa na misonobari myeusi, na vijiji vidogo vilikaa kwenye mikunjo yake, kila kimoja na kanisa lenye paa la bati linalong'aa. Mto ulipanuka mpaka ng'ambo yake ikapotea. Nilikuwa nageuka kila dakika kumtazama bibi. Alikuwa ameegemea kiti, tasbihi mkononi, uso wake hausemi kitu.

Meli ilikuwa kubwa, ya ghorofa mbili. Gatini jua lilikuwa linawaka, na Mama wa Juu alitembea kama mshindi. Tulipofika katikati ya mto, upepo ukaja. Sijui nikueleze vipi upepo ule. Ulikuwa umetoka kwenye barafu moja kwa moja na haukusimama popote njiani. Kina mama wenye madera mepesi walijikunyata kwenye viti vya sitaha. Chini kulikuwa na ukumbi wenye joto, lakini nani aliyekuja mpaka huku ili awaone nyangumi kupitia kioo?

"Jamani," Mama wa Juu akasema, "meno yangu yanapigana yenyewe."

Bibi akamgeukia. "Watu wa Dar kwa maneno! Mwezi wa saba, mwezi wa saba. Haya, uvae basi huo mwezi wa saba."

"Bibi, usinicheke. Nakufa."

Bibi akavuta mfuko wake kutoka chini ya kiti. Sote tulidhani una chakula. Akaufungua, na ndani mlikuwa na kanga tupu, doti kwa doti, zote alizokuja nazo kutoka Tanga. Yeye hakusafiri bila kanga zake. Zilikuwa mto wa kulalia, shuka, mkeka wa kusalia, kila kitu. Akasimama, na kwa mara ya kwanza tangu afike Kanada nikaiona mikono ya bibi yangu ikikimbia. Alimshika Mama wa Juu akamzungusha kama mtoto. Kanga moja kichwani, moja shingoni, moja kifuani mpaka mgongoni, fundo kisogoni.

"Inua mikono. Umenenepa wewe, kanga haifiki."

"Kanga za Tanga fupi hizo!"

"Fupi? Rudisha!"

Vicheko vikaanza. Wakamjia mmoja mmoja, na kila mmoja alipewa amri na kufungwa. Kanga zilipoanza kupungua alizichana pande mbili bila kusita. Wazungu wawili wazee waliokuwa wakitetemeka pembeni yetu walivutwa na kufungwa pia, mume ile nyekundu, mke ile ya maua, na bibi akawasemesha kwa Kitanga kitupu kama watu wa mtaani kwao. Msichana aliyekuwa akituongoza kwa kipaza sauti alishuka, akainamisha kichwa mwenyewe, akasubiri zamu yake.

Na hapo ndipo nikasikia. Pumzi moja kubwa, pwaaa, kama mlango wa ghala ukifunguliwa. Nikageuka, na mgongo mweusi ukapanda kutoka majini karibu na meli, mrefu, hauishi, ukizunguka polepole kama gurudumu. Harufu ya samaki waliooza ikatupiga. Yule mama wa Lubumbashi akaruka: "Iko napumua! Mamu, iko napumua!"

"Bibi!" nilipiga kelele. "Bibi, nyangumi! Nyangumi, bibi!"

Bibi alikuwa na ncha mbili za kanga mkononi na nyingine kati ya meno, anamfunga mtoto wa watu. Hakugeuka. "Mwambie angoje," alisema.

Meli nzima ya watu wetu ililipuka kwa vicheko. Alipomaliza fundo ndipo akaja kwenye chuma cha kuegemea, akamtazama nyangumi akipumua tena. "Masikini," akasema, "anahema kama mzee aliyepanda ngazi." Akarudi kwenye kanga zake. Mbali zaidi walipita nyangumi weupe, wengi, kama mabakuli yaliyopinduliwa yakielea, nao hawakupata hata neno moja. Nilishika chuma kile cha baridi nikijua mpango wangu umekwisha. Kama nyangumi ameshindwa, nani ataweza?

Tukarudi kwenye basi, na huko ukazuka ugomvi wa nani akae na bibi. Mimi niliyekuja naye nilisukumwa kiti cha nyuma. Mama mmoja wa Mombasa ndiye aliyeshinda, na nilimsikia, kwa kuwa nilikuwa nimetia kichwa katikati ya viti viwili, akisema kwa sauti ya chini, "Bibi, nina jambo. Binti yangu anajifungua, wa kwanza. Mama wa mume wake yuko mbali, na mimi nafanya kazi usiku. Huku hakuna mtu anayejua kumkanda mzazi. Hospitali watampa vidonge na kumwambia nenda nyumbani."

Huko Tanga hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya bibi. Aliwakanda wazazi wa mtaa mzima kwa maji ya moto, akawaosha watoto wachanga, akawanyoosha viungo kwa mafuta ya nazi.

"Anajifungua lini?"

"Mwezi wa nane, mwanzoni."

Bibi akahesabu siku kwenye tasbihi yake. Mwisho akainua kichwa, akanikuta nimening'inia pale katikati ya viti. "Mke mwenzangu, wewe mwenye masikio. Baba yako anaweza kuisogeza ile tiketi?"

Nilikimbia mpaka mbele kumwambia dereva, kwa Kiswahili kwa jinsi nilivyofurahi, naye hakuelewa hata neno moja lakini alipiga honi.

Tiketi ilisogezwa, ikasogezwa tena, mwisho ikaachwa ife. Mzazi wa kwanza alizungumza na mwenzake, naye akazungumza na mwingine, na kabla ya theluji ya kwanza magari yalikuwa yanasimama nje ya kidirisha chetu kumchukua bibi, kwenda Mississauga, kwenda Richmond Hill, mara moja mpaka Ottawa. Baba alijaribu kumwambia apumzike. Bibi alimwuliza kama yeye ndiye aliyejifungua.

Sasa bibi hayupo. Mama wa Juu aliuza nyumba, akahamia ghorofani kwa mwanawe, na safari zake za basi zikaisha, kwani kila mtu ana gari lake na anaondoka saa anayotaka. Mimi nimezunguka pwani nyingi za baridi tangu wakati ule. Nimefungasha samaki, nimeosha vyombo kwenye meli za watalii, nimewaona nyangumi wengi kuliko nilivyostahili. Wazazi wa siku hizi hawakandwi. Mikono iliyojua kazi hiyo imeondoka na wenyewe, na mimi, niliyemshikia beseni miaka yote hiyo, sikujifunza ila kuchemsha maji.

Lakini mara nyingine naalikwa harusi katika kumbi za huku, na wanaingia vijana warefu, wamevaa suti, wananisalimia kwa Kiingereza bila kujua mimi ni nani. Wengine nawafahamu tangu wakiwa na siku tatu duniani, wanalia kwenye mapaja ya bibi, wamepakwa mafuta ya nazi kichwa mpaka vidole. Siwaambii. Nawatazama wanavyovuka ukumbi kwenda kucheza, migongo imenyooka kabisa, na nacheka mpaka watu wa meza yangu wananiuliza kuna nini.